Kitanda Usichokilalia: Sabufa, Ukuta na Jirani

Mwaka jana, katika muhula wa pili, nilinunua sabufa. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miezi saba, nikiacha chai ya saa nne na kutembea kwa miguu kutoka Kikoni hadi katikati ya Kampala kila nilipoweza. Dukani muuzaji aliniuliza mambo matatu: nina shilingi ngapi, nataka spika ya inchi ngapi, na nataka wati ngapi. Niliyajibu yote matatu bila kusita, nikarudi nyumbani kwa bodaboda nikiwa nimelikumbatia kasha lenye spika ya inchi 12. Si yeye wala mimi aliyekumbuka swali la nne: nani anaishi upande wa pili wa ukuta wako?

Insha hii inahusu swali hilo la nne. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kuchagua sabufa ni uamuzi wa kimaadili unaofanyika dukani, kabla volyumu haijaguswa. La pili, ile kanuni tuliyofundishwa tangu utotoni, kwamba umtendee mwenzako kama unavyopenda kutendewa, haitoshi katika jambo hili mpaka mtu akubali kwenda kukaa upande wa pili wa ukuta.

Kwanza niitendee haki besi yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba kijana anayetaka sabufa anataka tu kujionyesha. Sikatai kwamba majivuno yamo. Lakini waya mnene kuliko zote katika gita la besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na spika ndogo ya inchi nne haiwezi kuutoa mtetemo huo kwa nguvu ya kutosha. Mtu anayesikiliza rumba ya Franco na TPOK Jazz kwa spika za simu husikia magita membamba yakipiga bila kusikia kinachoyabeba. Ni kama kumwona mchezaji akicheza huku miguu yake imefichwa. Siku niliyounganisha sabufa yangu nilisikia katika nyimbo nilizozijua kwa miaka mingi ala ambayo sikuwahi kujua kuwa imo. Furaha hiyo haikuwa ya uongo, na sitaki kuikana sasa ili nionekane mwema.

Tatizo liko katika ukuta. Watu wengi huona ukuta kama mlango uliofungwa: kilichomo ndani hubaki ndani. Kwa sauti, ukuta unafanana zaidi na chujio la chai. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na kwa kanuni ya jumla, kila mara masafa ya sauti yanaposhuka kwa nusu, uwezo wa ukuta kuyazuia hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kutoka hezi 640, ambako sauti ya mwimbaji ina nguvu nyingi, hadi hezi 40, ambako besi inakaa, masafa yamegawanywa nusu mara nne. Hizo ni desibeli 24, maana yake ni kwamba besi hupenya ikiwa na nguvu zaidi ya mara 200 ikilinganishwa na sauti ya mwimbaji iliyoanza nayo sawa. Ukuta halisi una nyufa, madirisha na milango, kwa hiyo hesabu haitoki sawasawa, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, refu kuliko chumba chochote katika nyumba yetu ya kupanga. Tofali moja na plasta haviwezi kulizuia.

Matokeo yake ni kwamba mimi na jirani yangu hatusikii kitu kimoja. Mimi husikia wimbo mzima: maneno, magita, tarumbeta, besi. Yeye huletewa sehemu moja tu ya wimbo, ile ambayo peke yake haina maneno wala ladha. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa wingi wa maneno yake. Tuna sauti, mlio, mvumo, kishindo na kelele. Chumbani kwangu kulikuwa na muziki, na chumbani kwake kulikuwa na kishindo. Tena kishindo hicho kilitoka katika kitu kilekile na kwa wakati uleule.

Haya yote niliyasoma baadaye. Mara ya kwanza niliyajua kwa njia nyingine.

Jirani yangu ni mama anayeuza ndizi katika soko la Kalerwe. Ukuta mmoja tu ndio unaotenganisha chumba chake na chetu. Huamka saa tisa za usiku ili awahi magari yanayoleta mzigo kutoka vijijini, kwa hiyo hulala mapema, saa mbili usiku au kabla. Ana mtoto wa kike wa darasa la tano. Tangu nilete sabufa hakuwahi kulalamika. Kila asubuhi nilipomsalimu aliitikia vizuri, akaniuliza habari za masomo. Nami nikahesabu kwamba kimya chake ni ruhusa. Nilijiambia hata zaidi ya hapo: huenda anapenda, kwani nilishawahi kumsikia akiimba nyimbo za zamani huku akifua.

Jioni moja aliniita nimsomee barua iliyotoka shuleni kwa mtoto, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Nilikaa kwenye kigoda, barua mkononi. Upande wa pili binamu yangu, ambaye nakaa naye, akafungulia muziki. Nilisikia du, du, du-du, du. Kilichonishangaza ni kwamba sikuutambua wimbo. Nyimbo zote zilizomo katika simu ya binamu yangu nazijua kwa moyo, maana nyingi nilimpa mimi, lakini nilikaa pale kwa dakika kadhaa nikisikiliza na sikuweza kusema ni upi. Wimbo haukuwapo, kilichokuwapo ni kugonga tu. Glasi ya maji iliyokuwa juu ya meza ilitoa mlio mdogo kila mara kishindo kilipofika.

Mtoto hakusema neno. Aliinuka, akashika godoro lao kwa pembe moja, akalivuta kutoka kwenye ukuta wetu hadi kwenye ukuta wa mbele yake, akarudi kwenye daftari lake. Alifanya hivyo kama mtu anayefunga dirisha mvua inapoanza. Nikaelewa kwamba ilikuwa kazi ya kila siku.

Nikamuuliza mama yule, "Nyabo, mbona hukuniambia?"

Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe ni mwanafunzi, na mwenye nyumba ni wa ukoo wenu. Mimi nina deni la kodi la mwezi mmoja. Ningekwambia nini?"

Nilimaliza kumsomea barua, nikarudi chumbani, nikazima.

Baadaye, nilipoanza kusoma juu ya sauti, nilikuta jambo moja ambalo bado linanisumbua. Katika chumba kidogo, besi haipungui kwa kusogea kutoka ukuta mmoja hadi ukuta unaotazamana nao. Mara nyingi shinikizo la wimbi huwa kubwa kwenye kuta zote mbili, na dogo zaidi katikati. Mtoto yule alikuwa akivuta godoro kila usiku kwa faida ndogo sana au bila faida kabisa.

Sasa nirudi kwenye kanuni. Kumtendea mwenzako kama unavyopenda kutendewa ni kanuni inayopatikana katika dini nyingi na katika malezi ya karibu kila kabila ninalolijua. Waswahili wana methali inayoikemea tabia ya kuivunja: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini mimi sikuivunja kanuni hiyo kwa kukusudia. Niliitumia! Nilijiuliza: je, jirani akipiga muziki mzuri saa mbili usiku, mimi nitachukia? Nikajibu kwa moyo mweupe: hapana, nitafurahi. Kosa lilikuwa katika picha niliyojichorea. Nilijiweka mahali pake, lakini nilibeba na muziki wangu mzima nikaenda nao. Niliwaza nikiwa nimekaa kitandani kwake huku nikisikia kinachosikika kitandani kwangu. Nilivuka ukuta kwa mawazo, na mawazo hayachuji kitu.

Methali inayofaa zaidi hapa ni ile isemayo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naona methali hii inasema jambo ambalo wanafalsafa wa kanuni kubwakubwa hulipita haraka. Immanuel Kant alitutaka tujiulize kama tungeweza kutaka kanuni ya tendo letu iwe sheria kwa watu wote. Swali hilo ni zuri, lakini mtu anaweza kulijibu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Methali inamtaka asimame aende. Kuna madhara ambayo akili njema na nia njema haziwezi kuyagundua kutoka mbali, kwa sababu kinachomfikia mwenzako si kile unachodhani umekituma.

Wapo watakaotetea haki ya mpangaji. Chumba nimekilipia, sabufa ni yangu, na kwangu ni kwangu. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alifundisha kwamba jamii haina haki ya kumwingilia mtu katika mambo yake ila kwa kuzuia asiwadhuru wengine. Nakubaliana naye. Lakini kanuni ya Mill inadhani kwamba mpaka kati ya mambo yangu na mambo ya wengine unaonekana. Mwenye kurusha mawe huona dirisha linavunjika. Mwenye sabufa haoni chochote, kwani ukuta unaosafirisha besi ndio huohuo unaomficha aliyeamshwa. Zaidi ya hayo, sikio la binadamu haliwezi kutambua vizuri mahali inapotoka sauti iliyo chini ya hezi 80 hivi. Ndiyo maana sabufa moja hutosha, na unaweza kuiweka kona yoyote. Ndiyo maana pia jirani hawezi hata kuonyesha kidole. Kwake sauti inatoka sakafuni, kitandani, kifuani mwake mwenyewe.

Je, kimya chake si ridhaa? Nadhani hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya, na si la kifizikia. Kimya kinaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa pale tu ambapo kusema hakuna gharama. Kwa mama yule kusema kulikuwa na gharama: deni la kodi, ukoo wa mwenye nyumba, na heshima wanayopewa wanaosoma chuo kikuu hata wasipostahili. Mwenye nguvu hupenda kuusifu upole wa jirani yake. Mara nyingi anachokisifu ni hofu.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Mwenzangu mmoja darasani alinijibu kwamba mawazo yangu ni ya kizungu, kwamba Mwafrika hakuzaliwa ili aishi kimya nyuma ya ukuta. Alimtaja John Mbiti, aliyefundisha hapa Makerere na kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mtu wa Afrika huwa mtu ndani ya jamii yake. Je, ngoma hazikuvuma usiku vijijini? Nani alilalamika?

Swali hili nililifikiria kwa muda mrefu kuliko lile la Mill. Ni kweli ngoma zilivuma. Katika Buganda kila ukoo una mdundo wake wa ngoma, omubala, na anayeusikia hujua ni ukoo gani unaoitwa. Lakini tazama tofauti. Ngoma ya harusi au ya msiba ina sababu inayojulikana, ina mwisho, na anayeisikia kutoka mbali amealikwa au angeweza kwenda. Mdundo wake ni ujumbe uliokamilika hata ukifika peke yake, kwa kuwa ulitungwa ufike mbali. Besi ya wimbo uliorekodiwa ni kiungo cha mwili mkubwa zaidi, na ukikikata hakisemi kitu. Kwa hiyo jadi ya ngoma hainitetei. Ikiwa mimi ni mtu kwa sababu ya walio karibu nami, basi siwezi kuwa mtu kamili wakati mtoto wa jirani anavuta godoro kila usiku kwa ajili yangu.

Wengine watasema tuiachie sheria. Uganda ina kanuni za mwaka 2003 zinazoweka viwango vya kelele, na ni vizuri ziwepo. Lakini kipimo kinachotumika sana duniani katika sheria za namna hii, kile cha desibeli za mizani ya A, kimetengenezwa kuiga sikio linaposikia sauti ndogo, na sikio hilo ni zito kwa besi. Kwa hiyo kipimo hupunguza desibeli 26 hivi kwenye hezi 63, na 39 hivi kwenye hezi 31 na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza desibeli 30 za mizani hiyo kwa chumba cha kulala, likaongeza kwamba pale ambapo kelele ina besi nyingi kiwango kinapaswa kuwa cha chini zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya sheria kwa namba na bado akamnyima mtu usingizi. Ofisa angekuja na kipimo chake, akaandika namba nzuri, akaenda zake. Sheria haiwezi kufanya kazi yote ya ujirani.

Basi tuchague vipi? Sitaki kuishia kwenye mahubiri, kwa hiyo nitasema niliyojifunza, maana naamini maadili yasiyofika hadi dukani hayajafika popote.

Kwanza, wati si kipimo cha uzuri. Kutoka wati 100 hadi 200 unapata desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Na zile namba kubwa za maelfu zilizoandikwa kwenye makasha kwa herufi za PMPO hazina uhusiano wa maana na nguvu ambayo amplifaya huweza kuitoa mfululizo. Pili, chumba kidogo hakihitaji spika kubwa. Chumba changu kina urefu wa mita 3 na nusu, na chini ya hezi 49 hivi chumba cha urefu huo chenyewe huanza kuisaidia besi. Sabufa ya inchi 8 katika kasha lililozibwa inatosha, na besi yake hushuka polepole badala ya kuvimba pale tundu la hewa linapovumia, kama inavyotokea katika makasha mengi ya bei rahisi yenye tundu. Tatu, iwe na kirekebishi chake chenyewe cha besi, ili usiku uweze kuishusha bila kuua sauti ya mwimbaji. Nne, iweke karibu na unapokaa, si kwenye kona. Kona huongeza besi chumba kizima, hata kwa jirani. Ikiwa karibu nawe, unaisikia vya kutosha kwa nguvu ndogo.

La tano ndilo lililo gumu zaidi. Kabla ya kununua, au angalau kabla ya kuzoea, mwombe jirani ukae chumbani kwake kwa muda wa wimbo mmoja huku mtu mwingine akipiga muziki wako kwa kiwango chako cha kawaida. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Dukani jirani hakuwapo, na lake halikuwapo. Kazi ya mnunuzi ni kumfanya awepo.

Mimi niliirudisha ile ya inchi 12 mjini, nikaiuza kwa hasara, nikanunua ndogo. Binamu yangu alinuna kwa wiki mbili. Sasa saa mbili usiku tunaizima kabisa, na anayetaka kuendelea huvaa hedifoni. Sikumwomba mama yule msamaha kwa maneno mengi. Nilimweleza tu kwamba nimebadilisha, na kwamba akisikia chochote agonge ukuta, hata kama ni mara moja. Mpaka leo hajagonga. Zamani ningeuhesabu ukimya huo kuwa jibu. Sasa kila baada ya wiki chache huenda kumsalimu jioni binamu akiwa anapiga muziki, nikakaa kwenye kile kigoda, nikasikiliza mwenyewe. Mara ya mwisho godoro lilikuwa mahali pake, kando ya ukuta wetu.